Heshima ya Mzee na Kazi ya Mwili Wake

Katika nyumba nyingi za Waswahili mzee hateki maji akiwapo kijana. Akishika ndoo hupokewa kwa adabu, akishika jembe huambiwa, "Pumzika, babu, umekwisha fanya kazi ya kutosha." Desturi hii ni njema, kwa kuwa asili yake ni shukrani: aliyewabeba wengine walipokuwa wachanga astahili kubebewa awapo mkongwe. Walakini kila jema lina mpaka wake. Je, kumwondolea mzee kila kazi ya mwili ni kumheshimu, au ni kumnyang'anya nguvu zake kwa mkono wa upole?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma alitunga kitabu juu ya uzee, akakitolea maneno kwa kinywa cha Cato, mzee wa miaka 84. Humo uzee hushindaniwa kama maradhi yashindaniwavyo: kwa mazoezi ya kiasi, na kwa chakula cha kurudisha nguvu, si cha kuzilemea.

Elimu ya siku hizi imeithibitisha hekima hiyo. Mwaka 1990, huko Boston, Marekani, ilitangazwa habari ya wazee 10 dhaifu, wenye umri wa miaka 90 hivi, waliofundishwa kuinua mizigo kwa miguu yao kwa muda wa majuma 8. Tisa walimaliza, na nguvu za misuli yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Basi udhaifu uliodhaniwa kuwa ni wa umri, kwa sehemu kubwa ulikuwa wa kukaa tu. Tangu mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lawashauri wenye miaka 65 na zaidi wajishughulishe kwa kiasi dakika 150 hadi 300 kwa juma, wakaze misuli siku mbili au zaidi, na siku tatu au zaidi wafanye mazoezi ya kuusawazisha mwili, ili wasianguke.

Yamkini mtu atapinga, aseme kwamba bibi wa shamba achukuaye kuni kichwani mpaka leo amekwisha jizoeza kupita kiasi, na kumhubiria mazoezi ni dhihaka. Neno lake ni la haki. Dhiki si mazoezi. Mzigo wa dhiki hauulizi kama mgongo unauma, wala haungoji homa ipoe. Mazoezi yana hiari na kipimo. Bibi huyo apunguziwe mzigo, bali asifungiwe kitini. Tena mgonjwa asiyeweza kuinuka asilaumiwe, maana afya si cheti cha wema, wala udhaifu si dhambi.

Lakini mzee aliye mzima ana wajibu. Aghalabu kutumikiwa kuna utamu, na utamu huo hulevya: leo huletewa maji, kesho huletewa viatu, na mwishowe kufika mlangoni huwa safari. Hapo hupotea zaidi ya misuli. Hupotea uhuru wa kwenda kumzika rafiki, wa kumtazama mgonjwa, wa kuoga pasipo kushikwa mkono. Mzee aendaye msikitini kwa miguu mara tano kwa siku, au apaliliaye mchicha wake asubuhi, huulinda uhuru huo pengine bila kujua.

Kijana naye ana adabu mpya ya kujifunza, iliyo ngumu kuliko ile ya kupokea ndoo. Ni adabu ya kuuliza kwanza, na ya kusubiri. Mzee atakaye kwenda sokoni asiambiwe aketi, bali apatiwe mwenzi wa njia atakayepunguza mwendo wake alingane naye. Kumletea kila kitu huchukua dakika chache. Kufuatana naye huchukua asubuhi nzima. Wengi huchagua la kwanza wakaliita heshima, na pengine ni haraka yao tu.