Uzuri wa Mkakasi: Haki ya Kuacha na Wajibu wa Mhakiki

Je, mtu aliyeiacha kazi ya sanaa kabla ya kufika mwisho wake ana haki ya kuitolea hukumu? Swali hili huonekana jepesi hadi linapomkabili yule ambaye riziki yake ni kuhukumu kazi za wengine. Mimi lilinikabili nyumbani Marani, Kaunti ya Kisii, wakati wa likizo ya Desemba, na aliyeniuliza ni mpwa wangu.

Kijana huyo aliniazima mchezo wake wa kompyuta, wa aina ile ambayo mchezaji huvaa uhusika wa shujaa, akasafiri, akapambana na kukua kwa nguvu na maarifa. Mchezo ulipendeza macho. Vijumba vilikuwa na rangi za matunda, wanyama walikuwa na macho makubwa ya kitoto, na hata maadui walichekesha. Lakini kila mwanakijiji niliyekutana naye alinituma kuokota kitu. Nikakiokota, nikashukuriwa, nikatumwa tena. Sikuona cha kuhofia wala cha kutamani. Baada ya saa mbili niliuacha, nikatamka kwa sauti ya darasani: "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Mpwa wangu akanitazama. "Mjomba, huko ndani umefika lini?"

Tuanze na utetezi. Aristotle, katika Poetics, aliuweka msuko juu ya vipengele vingine vyote vya tanzia na kuuita roho yake, ilhali yale ya kutazamwa tu jukwaani aliyahesabu kuwa mbali zaidi na sanaa ya mtunzi. Johan Huizinga naye, katika Homo Ludens (1938), alishikilia kwamba mchezo ni tendo la hiari, na kwamba unaochezwa kwa amri si mchezo tena. Tukiwafuata wawili hawa, anayeuacha mchezo wenye sura bila msuko hajamkosea mtu.

Hata hivyo, hiari ya kuacha haimpi mtu mamlaka ya kuhukumu. Methali niliyoitumia inamtaka msemaji awe ameufunua mkakasi na kukiona hicho kipande cha mti. Mimi nilikuwa nimekitazama kifuniko tu.

Tuchukue mfano wa Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi. Msomaji wa kurasa za mwanzo za riwaya hizo hajui yuko wapi wala anaongozwa na nani. Kwa kipimo changu cha saa mbili, ningeziacha. Mtu atasema kwamba ugumu wa Kezilahabi humwita msomaji, ilhali wepesi wa mchezo ule haumwiti. Ni kweli, lakini yaliyomo katika Mzingile niliyajua kwa sababu nilifika mwisho. Tofauti ninayojivunia kuiona ni zawadi ya kumaliza.

Hapa ndipo dhamiri inaposuta. Miaka kadhaa iliyopita nilimfelisha mwanafunzi aliyekiri kwamba aliiachia Mzingile katikati, kisha akaandika kwamba haina kitu. Pambizoni nilimwandikia kuwa uvivu si nadharia. Leo naona nilichanganya mambo mawili. Kuacha kwake kulikuwa ushahidi juu ya nusu ya kwanza, na nusu ya kwanza ni sehemu ya kazi. Mtunzi anawajibika kwayo. Kosa lake lilikuwa kuifanya nusu hiyo kuwa kitabu kizima. Kosa hilohilo nililifanya Marani, tena mimi nilicheza kwa hiari yangu, naye alisoma kwa amri yangu.

Hoja yetu, basi, ni hii: mhakiki anaruhusiwa kuacha, kwa kuwa umri ni mfupi na kazi ni nyingi, lakini hukumu yake isivuke pale miguu yake ilipokoma. Nilimrudishia mpwa wangu mchezo wake na kuirekebisha kauli yangu: saa mbili za mwanzo hazikunishika. Alama ya yule mwanafunzi ilikwisha kuandikwa, nami sina njia ya kuifuta. Kwa watakaomfuata nimebadilisha ninachoandika pambizoni: umeishia wapi, na kwa nini hapo?