Tupa, Jiliwa na Pini ya Pedali

Baiskeli nyingi kuukuu za Raleigh, zilizoundwa mjini Nottingham, zina ada yao makhsusi: hesi ya vikombe vya gololi, pale penye mhimili wa pedali, ina mizunguko 26 kwa kila inchi, ilhali za Kiingereza nyinginezo kwa kawaida zina 24, na anayekishindilia kikombe kigeni humo huharibu chuma kisichokuwa na hatia.

Juzi, pini ya kukazia mkono wa pedali ya Raleigh yangu mwenyewe ilipokatika, na niliyoipata dukani ikakataa kupenya tunduni, niliketi barazani, nikaibana katika jiliwa, nikalipiga tupa lile bapa lake la mshazari, taratibu, nikiitia na kuitoa hata mara ya saba. Maana mshazari ukikosewa japo kidogo, mikono miwili ya pedali haikabiliani sawasawa, na mguu huitambua hitilafu hiyo kabla ya jicho. (Pini ya kwanza, wallahi, niliitupa, nilizidisha tupa.) Shughuli ilinichukua tangu alasiri hata adhana ya magharibi, nami asubuhi hii ninaipanda baiskeli kwenda sokoni, nyundo ndogo mfukoni, kwani pini mpya haikosi kulegea.