Kisanduku cha Manjano

Je, mtu ana haki ya kuichora maiti ya mtu asiyemjua, kwa sababu tu aliiona picha yake utotoni? Swali hili hunijia kila nizifikiripo kazi za William Kentridge, mchoraji Mzungu wa Afrika ya Kusini, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1955.

Alipokuwa na umri wa miaka sita alikiona kisanduku cha manjano katika chumba cha kazi cha baba yake, akadhani mna chokoleti. Alipokifunua alikuta picha za watu waliouawa Sharpeville tarehe 21 Machi, 1960, polisi walipoufyatulia risasi umati uliokuwa ukizipinga sheria za pasi. Serikali ya makaburu ilihesabu maiti 69. Wengi walipigwa mgongoni. Baba, Sydney Kentridge, alikuwa wakili wa jamaa za marehemu.

Mwaka 1994, nchi ilipokaribia uchaguzi wake wa kwanza wa watu wote, mchoraji huyo alitengeneza filamu fupi iitwayo Felix in Exile. Humo maiti hulala uwandani, magazeti yakazifunika, kisha ardhi ikazimeza. Yeye hachori maelfu ya karatasi kama wafanyavyo watengenezaji wa katuni. Huchora kwa mkaa juu ya karatasi moja, akaipiga picha, akarudi kufuta kidogo na kuongeza kidogo, akaipiga tena. Na mkaa haufutiki sawasawa. Hubakiza kivuli cha kijivu, hata mtazamaji akaona kilichopo pamoja na kilichokuwapo.

Wako watakaosema kwamba huyu ameazima msiba wa wenziwe. Hoja hiyo ina uzito: mtoto wa Sharpeville hakuhitaji kufunua kisanduku chochote, aliyemkosa alimkosa nyumbani kwake. Lakini Kentridge, kwa maoni yangu, hadai kuwa mfiwa. Huchora alichokiona, nacho kilikuwa picha. Kuona huko ni kwake, wala hawezi kukurudisha sandukuni.

Hata hivyo moyo wangu haujatulia, kwani maiti zile za mkaa hazina majina. Nami, nikiwa mtoto, nilimwona sokoni mchukuzi mmoja akipigwa na umati kwa tuhuma ya wizi. Nimetunga shairi juu yake mara mbili, na mara zote mbili nimelifungia kabatini, kwa kuwa sikuwahi kuuliza aliitwa nani.