Moshi wa Aizu

Je, mtu akifa kishujaa kwa sababu ya habari isiyo ya kweli, ushujaa wake unabaki palepale? Swali hili nimelibeba tangu nirudi kutoka Aizu-Wakamatsu, mji wa ngome ulioko mkoa wa Fukushima, Japani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka wa 1868 Wajapani walikuwa wakipigana wao kwa wao. Huku jeshi la Mfalme Meiji, kule waliobaki watiifu kwa utawala wa shogun. Aizu, chini ya bwana wao Matsudaira Katamori, walikuwa upande wa shogun. Vita vilipobisha hodi mjini, hata vijana wa Byakkotai, yaani Kikosi cha Simbamarara Mweupe, walitolewa kupigana. Walikuwa wana wa samurai, wa miaka 16 na 17 kwa hesabu ya huko. Ishirini kati yao walirudi nyuma hadi kilima cha Iimori, wamechoka, wengine wamejeruhiwa. Wakiwa pale juu wakaona moshi upande wa ngome. Pafukapo moshi pana moto, si ndiyo? Wakaona kwamba yote yamekwisha, wakajiua. Walikufa 19.

Moto ulikuwepo kweli, lakini zilizokuwa zikiungua ni nyumba za mjini. Ngome ilikuwa bado imesimama, na ilihimili mzingiro kwa karibu mwezi mzima. Na Katamori je, bwana waliyemfia? Alisalimu amri. Aliishi hadi 1893.

Nilipanda kile kilima. Ukitaka kuiona ngome lazima uitafute kwa macho, ni kadogo hivi katikati ya mapaa. (Ya leo ni ya saruji, ilijengwa upya 1965.) Kutoka umbali ule, sishangai kwamba moshi ulitosha kuwa jibu.

Watu wengi watakwambia kinachohesabika ni nia. Vijana walikuwa na nia safi, basi, heshima yao haiguswi. Nakubali nusu. Nia haidondoki kutoka mbinguni, kuna mtu huipanda. Hawa walilelewa katika desturi za Nisshinkan, shule ya ukoo iliyofunguliwa 1803. Huko wavulana walisoma vitabu vya Kichina, upinde, upanga na kuogelea, pamoja na taratibu za samurai kujitoa uhai. Yaani mtoto alifundishwa jinsi ya kufa vizuri. Sasa nauliza: ni nani alimfundisha kutuma mmoja wao ashuke akaangalie kwanza?

Kuna wanaosema, kwa kutegemea maelezo aliyoyaacha yule mmoja aliyepona, kwamba vijana walijua ngome haijaanguka, ila waliogopa kutekwa na kuaibika. Hilo halinipunguzii mzigo, linauongeza. Kama moshi haukuwadanganya, basi waliongozwa na somo lililosema kwamba aibu ni mbaya kuliko kaburi.

Aliyepona anaitwa Iinuma Sadakichi. Alijichoma kama wenzake, akaokotwa akiwa hai, akatibiwa. Waswahili husema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Lakini kwa Iinuma kilienda nini? Hakuwa mwoga, na hakufa. Hakuna methali iliyomtengea nafasi. Kwa miaka mingi hakupenda kuzungumzia siku ile. Akaenda akawa fundi wa telegrafu, akafa 1931. Hebu fikiria: kijana ambaye wenzake walikufa chini ya moshi usiosomeka aliishia kufanya kazi ya kufikisha ujumbe haraka, neno kwa neno.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokatika. Nimekaa katika vikao vya ukoo ambapo wazee walinizungumzia kama watu walioketi matangani, na maiti mwenyewe yuko hapo anakunywa chai. Kwa hivyo mtu anayeendelea kuishi baada ya wengine kuamua kwamba amekwisha ni mtu ninayemfahamu. Kesho yake bado anaamka, bado anatafuta kazi. Hakuna anayemjengea mnara.

Minara hujengewa wafu, maana wafu hawapingi. Pale Iimori kuna nguzo ya kale ya Kirumi yenye tai juu yake, zawadi ya Mussolini ya 1928. Dikteta huyo aliwapenda sana wavulana wanaokufa bila kuuliza. Nilipoiona nikaelewa kwa nini swali langu linanisumbua. Heshima isiyohitaji ukweli ni mali ya yeyote anayekuja kuichukua, awe bwana wa ngome au mgeni mwenye nguzo.

Sitawaita wale vijana wajinga. Nilisimama mbele ya makaburi yao, ubani ukifuka, nikainamisha kichwa kama wengine. Walikuwa watoto, na walitoa kila walichokuwa nacho. Deni liko kwa wakubwa waliowafundisha. Na sisi pia tunafundisha kila siku, kwa methali, kwa vikao, kwa vile tunavyomtazama aliyeanguka. Mtoto akituuliza afanye nini akiona moshi, jibu letu la kwanza na liwe: shuka uangalie.