Kicheko Kwenye Mazishi ya Bibi

Usiku wa kuamkia mazishi ya bibi yangu, hapa Nangara, nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Nilidhani ni kazi nyepesi: kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa, watoto, wajukuu, kuugua, kufariki. Shangazi alisoma nilichoandika, akafika kwenye habari za kuku, akanirudishia karatasi. "Mwanangu, hayo toa. Marehemu hasemwi."

Habari za kuku ni hizi. Jumapili moja ya mavuno Bibi alitoa sadaka kuku wake mwekundu. Baada ya ibada, mnada ulipoanza nje ya kanisa, mzee wa kanisa alimnyanyua kuku yule kwa miguu, naye akapiga kelele. Moyo wa Bibi ukashindwa. Alipandisha bei dhidi ya kila mtu, hata mchungaji, mpaka akamnunua kuku wake mwenyewe kwa bei ya kuku wawili. Fedha alikopa pale pale. Alirudi nyumbani na kuku kwapani, akisema Mungu amepata haki yake na kuku amepata yake.

Lakini kilichomsumbua Shangazi zaidi kilikuwa chini ya hapo. Niliandika kwamba Bibi na jirani yetu waligombania mpaka wa shamba la mbaazi, wakakaa misimu mitatu bila kusalimiana. Walichota maji bomba moja, kila mmoja akiutazama mlima Kwaraa kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Kisha Jumamosi moja, kesho yake ikiwa Meza ya Bwana, Bibi alijitwika debe la mbaazi, akalitua mlangoni kwa jirani, akasema, "Hizi ziliota upande wako." Hakuongeza neno. Hiyo ndiyo ilikuwa toba yake yote.

Je, tunamheshimu marehemu kwa kuyaficha mambo kama haya? Shangazi hakukosea kabisa. Tunasema marehemu hasemwi kwa sababu hawezi tena kujitetea, na midomo yetu ni myepesi. Lakini bibi asiye na doa ambaye Shangazi alitaka nimwandike, mimi sikumjua. Tena asiye na kosa hahitaji Mwokozi. Tungekuwa tumemzika mtu ambaye Kristo hakuwa na sababu ya kumfia.

Biblia yenyewe haikumfanyia hivyo bibi yetu Sara. Katika Mwanzo 18 alicheka ndani ya hema aliposikia ahadi, na alipoulizwa akakana, kwa kuogopa. Hayo hayakufutwa. Mtoto aliyezaliwa aliitwa Isaka, jina lenye maana ya kicheko, na Waebrania 11 inamtaja Sara huyo huyo miongoni mwa watu wa imani.

Hata hivyo sikutaka kuamua peke yangu, kwa maana kisa cha mbaazi hakikuwa cha Bibi tu. Alfajiri nilikwenda kwa jirani, nikamsomea. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Soma, mjukuu wangu. Ila useme ukweli wote: debe halikujaa."

Nilisoma yote, pamoja na hilo la debe. Waombolezaji walicheka, na Shangazi naye akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika. Wa kwanza kulia baada ya kicheko kile alikuwa jirani.

Tangu siku hiyo ninapima hivi: masengenyo husemwa pembeni, na aliyeumizwa akitokea tunanyamaza. Kumbukumbu ya upendo inaweza kusomwa mbele ya yule aliyekosewa, naye akaongeza lake. Mpendwa, ukiandika wasifu wa mzee wako, usimsafishe wewe. Kazi hiyo ina mwenyewe. Wewe nenda kwanza kwa jirani.