Hati Tunayoisherehekea Bila Kuisoma

Sikukuu zetu nyingi za kitaifa zinakumbuka kuondoka kwa mtu. Desemba 9 aliondoka Mwingereza, Januari 12 akaondoka Sultani, na anayesherehekea halazimiki kumuuliza aliyeondoka siku hiyo anaionaje. Aprili 26 haiko hivyo. Siku hiyo tunakumbuka makubaliano ya nchi mbili, Tanganyika na Zanzibar, kuungana, na makubaliano yana wenyewe wawili, kila mmoja na kumbukumbu yake ya yale yaliyokubaliwa. Kwamba bado tunabishana baada ya miaka zaidi ya sitini, mimi sioni ajabu. Ajabu ni kwamba tunaibishania hati ambayo wengi wetu hatujawahi kuitia machoni.

Nimezaliwa Tabora, nimeolewa Unguja. Kwangu Muungano ni habari za ukumbini na jikoni kabla hazijawa za bungeni. Wifi yangu wa Kikwajuni, muuza nguo, hana chuki na mtu wa Bara hata chembe. Nusu ya wateja wake ni wao. Lakini gwaride la Aprili 26 likianza kwenye televisheni, huinuka akaenda kupika. Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, anakumbukwa kwa kuufananisha Muungano na koti, kwamba likikubana unalivua, na wifi yangu ana lake la kuongeza, lile lisemwalo sana Visiwani: "Wifi, Tanganyika haikufa. Imelivaa koti lenyewe, sasa sisi tutavua nini?"

Baba yangu mdogo, mwanajeshi mstaafu aliyewahi kupangiwa Pemba akaipenda, humjibu kwa sauti ya juu kila wakikutana kwenye shughuli. "Mwanangu, hawa wana rais wao, bendera yao, wimbo wao, Baraza lao la Wawakilishi. Tanganyika yangu iko wapi? Mpemba akitaka kiwanja Mbagala anakinunua. Mimi nikitaka kiwanja Paje naulizwa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi." Kisha wanasukumiana sahani ya biriani, na mada inahamia kwenye mahari.

Wote wawili wanaamini kuwa wao ndio waliopunjwa. Nimewasikiliza miaka mingi, na siwezi kumwambia hata mmoja kwamba anasema uongo.

Basi turudi kwenye hati yenyewe. Mwalimu Nyerere, rais wa Tanganyika, na Mzee Karume walitia saini Hati za Muungano Zanzibar Aprili 22, 1964, siku 101 tu baada ya Mapinduzi. Dunia ilikuwa kwenye Vita Baridi na wakubwa wa Magharibi walikuwa wakiiogopa Zanzibar kugeuka Kuba ya Afrika. Kwa wengine hiyo ndiyo sababu kuu, kwa wengine ni ndoto ya umoja wa Afrika, nami nadhani yote mawili yalikuwa chumbani siku ile. Bunge la Tanganyika liliridhia siku chache baadaye. Kwa upande wa pili, kama Baraza la Mapinduzi liliridhia kisheria ni ugomvi wa wanasheria mpaka kesho. Wolfgang Dourado, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar wakati huo, alisema hadharani baadaye kwamba yeye hakushirikishwa. Picha tunayoonyeshwa kila mwaka ni ya Mwalimu akichanganya udongo. Picha nzuri, ila haina maandishi.

Maandishi yana ibara nane tu. Yanataja mambo kumi na moja ya kushughulikiwa kwa pamoja, yakiwemo ulinzi, mambo ya nje, polisi, uraia na bandari. Na yana ibara ya saba, ambayo ningependa kila Mtanzania aisome mara mbili. Hati inaweka utaratibu wa muda tu, na ibara hiyo inasema kwamba ndani ya mwaka mmoja Rais, kwa kukubaliana na Makamu wake kutoka Zanzibar, ataunda tume ya kupendekeza katiba na kuitisha Bunge la Katiba. Mwaka mmoja! Mwaka 1965 ikatungwa sheria ya kuahirisha, na katiba ya kudumu ikaja 1977. Huku nyuma mambo ya Muungano yakawa yanaongezeka, na leo nyongeza ya kwanza ya Katiba inaorodhesha 22.

Mimi naiona shina la ugomvi wetu hapo hapo. Muungano wenyewe sikuwahi kuuona ubaya wake. Bila huo nisingekuwa na mume. Tatizo ni kwamba cha muda kiliachwa kikazeeka, na kila aliyeuliza alionekana anataka kuvunja. Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, aliuliza habari ya serikali tatu, akalazimika kujiuzulu Januari 1984. Wabunge wa kundi lililojulikana kama G55 walidai serikali ya Tanganyika mwaka 1993, Mwalimu akawajibu kwa kitabu kizima. Mwaka 2023, kwenye mjadala wa mkataba wa bandari, jina la Tanganyika likarudi midomoni mwa vijana ambao hata wazazi wao hawakuiona, safari hii wakilalamikia Rais anayetoka Zanzibar. Malalamiko yalivuka bahari tu.

Tume ya Jaji Warioba ilipokusanya maoni ya katiba mpya, miongoni mwa waliozungumzia muundo wa Muungano, asilimia 61 ya wa Bara walitaka serikali tatu, na asilimia 60 ya Wazanzibari wakataka Muungano wa mkataba. Bunge Maalumu la Katiba la 2014 likarudi kwenye serikali mbili, wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 haikufanyika. Yaani wifi yangu na baba mdogo, kila mmoja na sababu zake, waliwahi kusimama pamoja dhidi ya muundo uliopo zaidi ya wanavyodhani, na jibu lao likawekwa kabatini.

Wapo wanaosema mijadala ya namna hii iachwe siku ya sherehe, isije ikatugawa. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Kukatazwa kusema hakujawahi kumfanya wifi yangu akae sebuleni kutazama gwaride.

Ombi langu ni dogo. Aprili 26 ijayo, kabla ya ndege za jeshi kupita, TBC na ZBC zisome ibara zote nane hewani, kwa Kiswahili. Haitachukua muda wa hotuba moja. Walimu wa sekondari, Bara na Visiwani, wawape wanafunzi maandishi yale yale wayajadili. Na mchakato wa katiba ulioachwa njiani urudishwe, safari hii swali la muundo wa Muungano lifike kwa wenyewe kwenye sanduku la kura. Tangu 1964, hawajaulizwa kwa kura hata mara moja.