Ubia wa Mtaa

Neno ubia lilikuwa la soko kabla halijawa la maendeleo. Watu wawili watiao mali au nguvu zao katika biashara moja huitwa wabia, na sharti lao ni kuwa faida ikipatikana kila mmoja atapata fungu lake, na hasara ikiwafika kila mmoja ataichukua. Mtu ashirikiye taabu bila ya kushiriki faida si mbia. Ni mfadhili, ama ni mtu aliyedanganywa. Nakumbusha jambo hili kwa sababu siku hizi hausikiki mradi wa kuutengeneza mtaa wa maskini ila husemwa kuwa utafanywa kwa ubia na wenyeji. Swali langu ni dogo: mwenyeji ni nani?

Tuutazame mtaa wa Hananasif, Kinondoni, katika Dar es Salaam. Mtaa huu ulikua pasipo ramani ya mpima ardhi, kando ya bonde la Msimbazi, na masika yalipowadia maji yaliingia nyumbani bila ya hodi. Tangu mwaka 1994 mpaka 2000 ulitengenezwa kwa namna istahiliyo sifa. Serikali, jiji, wafadhili wa kigeni na Shirika la Kazi Duniani walileta fedha na maarifa. Wakazi walifanya chama chao, wakapewa mkataba, wakashika sururu na chepeo kwa ujira. Mifereji ya mvua ilijengwa, njia za changarawe zikapita, maji ya kunywa yakasogea karibu. Aliyezoea kuona kazi kama hii ikipewa kampuni ya mbali aweza kusema kuwa hapa haki ilitendeka, nami simbishii.

Walakini mtaa ulipokauka ulipendeza, na ulipopendeza kodi zilipanda. Baadhi ya wenye nyumba waliuza, wenye fedha wakaingia, na baadhi ya wapangaji walihama kutafuta vyumba vya bei yao kwingineko. Hapana polisi aliyewafukuza wala tingatinga lililovunja. Kalamu na daftari la kodi vilitosha.

Yamkini nitajibiwa kuwa mpangaji alilipwa ujira wake, na aliyelipwa hadai. Hoja hii ina nguvu, lakini si kamili. Ujira hulipa siku ya kuchimba tu. Tena fedha za miradi ya namna hii huombwa kwa jina la wateswao na mafuriko, na mpangaji huhesabiwa miongoni mwao. Jina lake liliingia katika ombi. Katika faida halikuingia.

Jibu la pili ndilo linisumbualo zaidi. Mwenye nyumba wa mtaa kama huu aghalabu si tajiri. Huenda ni mjane mwenye vyumba viwili vya kupangisha, na kodi ile ndiyo unga wake na dawa yake. Kumzuia asipandishe ni kumwamuru maskini mmoja amlee maskini mwingine. Basi sithubutu kumlaumu. Nalaumu ukimya uliotangulia: thamani ya ardhi ilipandishwa na kazi ya wengi na fedha za umma, na ni nani aliyeulizwa mapema itamwangukia nani?

Katika mji wa Voi, Kenya, wakazi wa mtaa uitwao Tanzania-Bondeni waliulizwa, miaka ya mwanzo ya 1990. Walichagua ardhi ishikwe na amana ya wote: mtu aweza kuuza nyumba aliyoijenga, lakini si udongo ulio chini yake. Uamuzi huo ulikuwa na gharama yake. Sheria haikuwa imeandaliwa kwa jambo hilo, na mtu asiye na hati yake mwenyewe hana cha kumwonyesha mkopeshaji. Wapo wasemao kuwa huko ni kumfunga maskini mlango ambao tajiri huupita kila siku. Kwangu mimi gharama hiyo ni nyepesi kuliko ya kuhamishwa, ingawa nakiri kuwa nasema hivi nikiwa na hati ya kiwanja changu sandukuni.

Laiti katika mkutano wa kwanza wa mradi, kabla ya kujadili mfereji upite wapi, mwenyekiti angeuliza ni wangapi wakaao kwa kodi, na kodi hiyo itakuwaje mfereji ukiisha kujengwa. Mkutano huo utakuwa mrefu, na baadhi ya watu watatoka nje kabla haujaisha.